Umeme wa Mbali au Sayansi ya Kilimani: Kuchagua Chuo Ukiwa Dodoma

"Mjomba, shikamoo. Matokeo yametoka."

"Marahaba. Haya, mwaga."

"Fizikia B, Kemia C, Hisabati C. Divisheni wani ya pointi nane."

Sijamaliza hata kumpongeza, simu ikanyakuliwa na mama yake. Dada yangu hakuwa na habari ya pointi. Alichotaka ni nimsaidie kumweleza mtoto kwamba chuo kikuu, UDOM, kipo hapohapo kilimani, daladala moja tu kutoka kwao Makulu, sasa kuna haja gani ya kwenda kupanga chumba Dar es Salaam au kufuata baridi ya Mbeya? Binti naye kwa nyuma anapaza sauti: "Mjomba mwambie mimi nataka umeme!"

Mabishano haya hayako nyumba moja. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka napigiwa simu kutoka Kongwa, Mpwapwa, hadi Manyoni, kwa sababu tu ndugu na jamaa wanajua nafanya kazi kwenye umeme. Nilianza na stashahada ya ufundi, nikafanya kazi, nikarudi darasani kutafuta shahada. Kwa hiyo milango yote miwili nimeipita, na upande ninaoegemea nitausema wazi.

Jina la shahada kwanza

Watu wengi huchagua chuo, halafu humo ndani wanatafuta kozi inayokaribiana na walichokitaka. Mimi nasema geuza. Anza na maneno yatakayoandikwa kwenye cheti.

Kwa mzazi, "umeme", "sayansi" na "kompyuta" vyote ni kitu kimoja: mtoto anasoma mambo ya nyaya. Kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, haviko sawa hata kidogo. Aliyesoma shahada ya uhandisi inayotambuliwa na bodi anasajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, anapitia mafunzo ya kazini chini ya msimamizi, ule mpango wa SEAP wa miaka mitatu, kisha anaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyesoma shahada ya sayansi katika Fizikia, hata atoke na GPA ya 4.5, njia hiyo haimhusu. Anaweza kuijua nadharia ya sumaku na umeme kuliko sisi wote ofisini, lakini michoro hasaini.

Sisemi Fizikia ni ya walioshindwa. Ni shahada ya miaka 3, wakati uhandisi ni 4, na mwaka mmoja wa ada na chakula si mdogo. Inakupeleka kufundisha, na shule zetu zina kiu ya walimu wa Fizikia na Hisabati tangu enzi za wazazi wetu. Inakupeleka pia kwenye hali ya hewa, kwenye kinga ya mionzi, kwenye mashine za tiba za hospitali kubwa, kwenye shahada ya pili. Mtu anayependa kuuliza kwa nini kitu kinatokea atafurahi huko. Anayetaka kujua kitu kikiharibika saa nane usiku kinarudishwaje, huyo ni mhandisi, na akipelekwa Fizikia kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa karibu na nyumbani, atakaa miaka mitatu akichungulia dirishani.

Nilimuuliza mpwa wangu swali hilo kwa namna nyingine: umeme ukikatika hapo kwenu, unataka kujua nini? Akasema, "Nataka kujua nani anawasha, na anawashia wapi." Nikaona hapo kesi imekwisha, ila mama yake hakuona hivyo.

Kilimani: UDOM na majirani zake

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na pale Chimwaga palishakuwa na ukumbi wa CCM uliotumika kumteua mgombea urais mwaka 1995. Kilipangwa kwa ukubwa wa kutisha, wanafunzi 40,000 kikikamilika, na kwa hiyo ndaki zake, yaani vyuo vidogo vya ndani, zimetawanyika juu ya vilima kama vijiji. Mgeni akikwambia "nipo UDOM, njoo" muulize ndaki gani, la sivyo utamaliza nauli ya bodaboda ukizunguka.

Kwa anayetafuta sayansi, chaguo ni pana: Fizikia, Kemia, Hisabati, Takwimu, Biolojia, na zile shahada za sayansi na ualimu. Kwa anayetafuta uhandisi, nguvu ya chuo hiki imejengwa pande mbili. Upande mmoja ni ndaki ya habari na elimu angavu, CIVE, yenye uhandisi wa mawasiliano ya simu, wa kompyuta na wa programu. Upande wa pili ni sayansi za dunia na uhandisi: madini, mafuta, mazingira. Jina lake halikujengwa na umeme wa nguvu, yaani mashine kubwa, njia za kusafirishia, vituo vya kupoza. Programu mpya huongezwa kila mwaka, kwa hiyo mwongozo wa udahili wa mwaka wako ndio wa kusoma, si simulizi za kaka aliyemaliza zamani.

Kuna jambo ambalo watu wa Dodoma hatulipi uzito. Uhandisi wa mawasiliano ni uhandisi kamili. Mwaka wa kwanza na wa pili unasoma hesabu zilezile, saketi zilezile, elektroniki ileile. Njia zinaachana baadaye: huyu anakwenda kwenye antena, mawimbi na mitandao, yule anakwenda kwenye jenereta, transfoma na ulinzi wa gridi. Kama binti yako anasema "umeme" lakini ukimsikiliza vizuri anazungumzia simu, roboti na kompyuta, basi huenda anachokitaka kipo kilometa chache kutoka jikoni kwako na wala hakuna haja ya kugombana.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, pale ilipokuwa sekondari ya Mazengo, nacho kilianza 2007. Huko ungefuata ualimu wa sayansi au fani za afya. Kwa umeme, kipite.

Dar es Salaam: viwili vinavyofanana kwa mbali

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo babu wa uhandisi nchini. Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973, leo ni ndaki ya uhandisi na teknolojia, CoET, pale Mlimani, na uhandisi wa umeme umo tangu mwanzo. Anayesoma mawasiliano au kompyuta ajue kwamba fani hizo zinakaa ndaki ya habari na mawasiliano, CoICT, Kijitonyama, nje ya kampasi kuu. Mlimani hesabu ni nzito. Hapo ndipo utasikia misamiati ya wanafunzi: kusapu (kurudia mtihani), kukeri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), na ile inayotisha kuliko zote, kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mwaka wa kwanza huwachuja watu waliozoea kuwa namba moja darasani. Anayetoka salama anatoka akijua kutunga, kupiga hesabu za mfumo mzima, na ana rafiki aliyesoma naye karibu kila ofisi ya umeme utakayoingia. Mtaji huo wa watu hauandikwi kwenye mwongozo wowote.

Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilianza 1957 kama taasisi ya ufundi, ikawa chuo cha ufundi baada ya uhuru, na ikapewa sura yake ya sasa mwaka 1997. Asili hiyo ungali unaiona. Karakana ni sehemu ya masomo, na darasani unakaa na watu waliokuja kwa stashahada, ambao tayari wameshabeba ngazi na kupanda nguzo. Mtoto wa PCM, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, anayetoka shuleni moja kwa moja huona aibu wiki ya kwanza: yeye anajua kanuni, mwenzake anajua skrubu. Aibu hiyo ni dawa. Ndani ya mwaka mmoja wanafundishana, na wote wawili wanakuwa bora.

Mahali pa kuishi, tofauti ni kubwa. Mlimani ni kampasi yenye miti, na mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli zenye nafasi 3,840, ingawa si kila mtu anapata. DIT iko katikati ya jiji, kona ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi, mwendokasi unapita jirani na geti. Ukikosa kitanda cha chuo unatafuta geto Ilala, Magomeni, au Kigogo, mtaa ambao licha ya jina lake sisi Wagogo hatuna shamba huko. Joto, foleni, na chumba cha kulipia miezi sita kwa mkupuo: mzazi ayajue haya kabla hajaambiwa.

Jijini kuna vyuo binafsi pia vinavyotoa uhandisi wa umeme, kama St. Joseph. Sivipuuzi, ila kwa familia ya mshahara mmoja linganisha kwanza ada zao na za vyuo vya umma, kisha ndipo uulize mengine.

Mbeya: chaguo linalosahaulika

MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, watu huitaja mwisho, wakati ukiniuliza mimi, kwa mtoto wa Dodoma mwenye alama za katikati, ingefaa kutajwa mapema. Pale Iyunga kulikuwa na chuo cha ufundi tangu 1986, kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikapandishwa kuwa chuo kikuu. Shahada yake ni ya umeme na elektroniki pamoja, kwa hiyo hufungwi upande mmoja. Chakula ni rahisi kuliko Dar: viazi, ndizi, maharage, mchele wa Kyela. Njia ya lami kupitia Mtera na Iringa imefanya safari iwe ya siku moja. Sweta ni lazima. Nimeona kijana wa Bahi aliyekwenda Juni na shati moja la mikono mifupi, akanunua mtumba wa koti siku hiyohiyo stendi.

Kasoro yake kwangu ni moja: ukitafuta kazi, wengi wa wanaokuhoji walisoma Dar, na utajieleza kidogo zaidi. Kidogo tu, na inapungua mwaka hadi mwaka.

Arusha kuna Chuo cha Ufundi, ATC, cha tangu 1978, kizuri sana kwa stashahada ya umeme. Na tafadhali, Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko hukohuko Arusha ni ya shahada ya pili na kuendelea. Kila mwaka kuna mzazi ananiambia mwanawe ataomba huko na cheti cha kidato cha sita mkononi.

Karakana ndiyo mzani

Ngoja nisimulie aibu yangu. Chuo nilichosomea shahada, ambacho sitakitaja, kilikuwa na mashine moja ya maana kwenye maabara ya mitambo na sisi kikundi cha watu kumi na nne. Wawili waligusa, wengine tulinakili namba. Ripoti yangu ilikuwa nadhifu kuliko zote.

Nikaajiriwa. Siku moja tuko kwenye kituo cha kupoza umeme, natakiwa kubadilisha mita. Mita hiyo inalishwa na CT, ile transfoma ndogo ya kupimia mkondo. Kila mwanafunzi wa umeme anafundishwa kwamba upande wake wa pili hauachwi wazi mkondo unapopita, kwa sababu volti zinaweza kupanda hadi kuua. Niliijua kanuni hiyo, niliwahi kupata alama zote kwenye swali lake. Nikachukua bisibisi, nikaanza kulegeza waya. Mkono ukanidaka. Ni fundi sanifu mzee, kidato cha nne na stashahada: "Mhandisi, unataka tuzikwe wote leo?" Alikuwa bado hajaziunganisha kwa kiungo ncha mbili za CT ili mkondo upate njia, na mimi wala sikukumbuka kuuliza.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza chuo gani kizuri, sianzi kwa kumtajia chuo. Namwambia atafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi ileile, asiyefahamiana na ofisi ya udahili, amuulize maswali ya kijinga. Mko wangapi kwenye meza moja ya maabara? Mota ngapi zinazunguka kweli? Mara ya mwisho wewe mwenyewe kufunga saketi ni lini? Mwalimu wa maabara anakuja, au anaacha karatasi? Majibu yatatofautiana hata kati ya kozi mbili za chuo kimoja, na yatakufaa kuliko picha za majengo.

Stashahada kwanza?

Hili linawahusu zaidi waliomaliza kidato cha nne. Njia ya kidato cha sita ni miaka 2 ya shule na 4 ya chuo. Njia ya ufundi ni miaka 3 ya stashahada, kisha 4 ya shahada. Umechelewa mwaka, lakini katikati una cheti kinachokupa kazi ya fundi sanifu, na ukiingia shahada huogopi karakana. Masharti ya kuvuka ni GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Zamani tatizo lilikuwa fedha, maana Bodi ya Mikopo ilitazama shahada tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kukopesha baadhi ya fani za stashahada.

Wazazi wa mjini huidharau njia hii. Mimi ndiyo iliyonilea.

Fedha, kwa haraka

Ada ya vyuo vya umma haiachani sana, kinachoachana ni maisha. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Kiasi hicho Mbeya kinapumua, Dar kinakohoa, na Dodoma kwa anayekula kwa mama yake kinabaki hadi cha kununua kompyuta mpakato. Hoja ya dada yangu ina uzito hapa, nakiri. Lakini mkopo hulipwa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi uishe, na utaulipa kwa kazi uliyoisomea. Nisingependa mtu aulipe huku akitamani kazi ya mwenzake.

Kuhusu sifa: kima cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, na kwa uhandisi wa umeme hizo mbili ni Fizikia na Hisabati ya juu. Mpwa wangu ana 7. Anaruhusiwa kuomba kila mahali, ila kuruhusiwa hakumaanishi kuchaguliwa, kwani nafasi hugombewa na penye jina kubwa foleni ni ndefu. Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) mwenye BAM, hisabati ya msingi, peke yake asipoteze ada ya maombi kwenye umeme. Maombi yanakwenda chuo kimojakimoja, kwa awamu, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja. Usikae na simu imezimwa wiki hiyo.

Fildi nyumbani

Mwisho tulikaa kikao, mimi, dada na binti, chini ya mwembe wao. Nikamwambia dada: unachokitaka ni mtoto asipotee machoni. Umeme wa Dodoma wa leo si ule wa utoto wetu. Kituo cha Zuzu kimo kwenye njia kuu ya gridi kutoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga. Treni ya umeme kutoka Dar ilifika hapa Julai 2024, inakimbia kwa kilovolti 25 juu ya paa lake. Bwawa la Mtera lenye megawati 80 liko mpakani mwetu na Iringa. Makao makuu ya TANESCO na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, yamehamia hapa. Mwanafunzi wa uhandisi ana mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu. Aombe fildi Dodoma, alale kitandani kwake, ale ugali wa uwele na mlenda, na asubuhi avae buti aende Zuzu. Wenzake wa Dar watahangaika kutafuta pa kulala huku. Umbali unarekebishika kwa likizo. Shahada isiyo ya uhandisi hairekebishiki kwa likizo.

Binti akaandika orodha yake kwenye daftari: DIT umeme, MUST umeme na elektroniki, UDSM umeme, na UDOM uhandisi wa mawasiliano. Mimi ningetanguliza MUST, nikamwambia. Akasema anataka kukaa na watu wa stashahada, wale wanaojua skrubu. Sikuwa na la kujibu. Fizikia hakuiandika kabisa, na mama yake akaliona pengo.

"Hiyo treni," dada akauliza baada ya kimya kirefu, "nauli ni ngapi?"

"Ya kawaida ilianza na elfu thelathini na moja."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu, dada."

Akachukua lile daftari, akageuza ukurasa, akaanza kupiga hesabu.